Kilo za Kwenye Ndoano

Mazungumzo yetu leo ni ya ng'ombe wa nyama, hasa vile vitu vinavyotiwa kwenye chakula chake ili aongezeke uzito upesi: urea, molasesi, madini, hamira, na zile pakiti za unga zinazopangwa kwenye rafu za maduka ya dawa za mifugo. Kila kiangazi kinapoingia wafugaji huuliza swali lile lile: dawa ya kunenepesha ng'ombe ni ipi?

Dawa ya kunenepesha haipo. Kipo chakula, na vipo viongeza vinavyokisaidia chakula kifanye kazi yake. Kiongeza ni chumvi ya kwenye mboga: ikipungua mboga inachusha, ikizidi hailiki, na hakuna mtu aliyewahi kushiba chumvi. Mfugaji ambaye nyasi zimemwishia na lambo limemkaukia, akachukua fedha yake ya mwisho kununua pakiti ya unga, ng'ombe wake atabaki na mbavu zile zile.

Tumtazame kwanza ng'ombe mwenyewe. Huyu wetu ni zebu, mwenye nundu na pembe fupi, mvumilivu wa jua na kupe, lakini hakui haraka. Dume aliyelelewa malishoni tu mara nyingi hafiki kilo 300 za uzito hai. Ukimchinja, ukatoa ngozi, kichwa, kwato, damu na matumbo, kinachobaki kwenye ndoano ni karibu nusu. Kwa hiyo ng'ombe wa kilo 250 anakupa kilo 120 na kitu, mifupa ikiwemo. Ninaposema kunenepesha, nahesabu kilo hizo za kwenye ndoano. Tumbo lililojaa haliingii katika hesabu hiyo.

Hapa Mara tuna bahati ambayo wengi hatujaitumia vizuri. Masika yakikatika mwezi Mei, nyasi zinaanza kukauka, na kuanzia Juni hadi Septemba ng'ombe anaishi kwa mabua na nyasi ngumu zisizo na protini. Lakini ni wakati huo huo pamba ya Bunda na Serengeti inavunwa na kuuzwa, mbegu zinakwenda kukamuliwa mafuta, na viwandani yanatoka makapi na mashudu. Yaani chakula cha kunenepesha kinapatikana pale pale malisho yanapokwisha. Wenzetu wa Mwanza na Shinyanga wamelijua hili siku nyingi. Hununua madume waliokonda, huwafunga kwenye mazizi karibu na viwanda vya mafuta, huwalisha makapi na mashudu kwa miezi kama mitatu, kisha huwapandisha malori kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Ng'ombe aliyekonda kwa njaa tu, siyo kwa ugonjwa, akipata chakula mwili wake hurudisha kwa kasi kile ulichopoteza. Akilishwa vizuri anaweza kuongeza kati ya nusu kilo na kilo nzima kwa siku. Chukua gramu 700 kwa siku kwa siku 90: ni kilo 63.

Nimesema siyo kwa ugonjwa, na hapo tusimame kidogo. Sisi tulio kandokando ya ziwa tunachunga kwenye majani mabichi ya mabondeni, na huko ndiko wanakopatikana konokono wanaobeba minyoo bapa ya ini. Nenda machinjioni asubuhi uangalie maini mangapi yanakatwa na kutupwa, mirija yake imekakamaa, ndani wamo minyoo walio kama majani madogo. Ng'ombe huyo ungempa mashudu ya dunia nzima, angekuwa anawalisha wao. Kabla hujanunua kiongeza chochote, mpe dawa ya minyoo inayoua minyoo ya ini pia, mwogeshe dhidi ya kupe, ndipo uanze kuhesabu siku.

Sasa urea. Ndiyo hii hii mbolea ya kukuzia mahindi, na watu hushangaa kusikia kwamba ng'ombe anaweza kuila. Anaweza kwa sababu ya tumbo lake kubwa, rumeni, ambamo wanaishi bakteria wengi mno. Urea ikifika humo inavunjwa na kuwa amonia, bakteria wanaichukua amonia na kujijengea protini ya miili yao, kisha bakteria hao wanateremka kwenye matumbo yanayofuata na ng'ombe anawameng'enya. Asilimia 46 ya urea ni nitrojeni, ndiyo maana kiasi kidogo tu kinatosha kuchangamsha rumeni iliyokuwa imelala kwa sababu ya mabua makavu. Ila bakteria hawa wanataka nguvu ili wafanye kazi hiyo, na nguvu inatoka kwenye molasesi au pumba. Ukiweka urea bila kitu cha wanga, amonia inakosa wa kuichukua, inaingia kwenye damu, na inaua.

Inaua haraka. Ndani ya nusu saa au saa moja utaona ng'ombe anatetemeka, anatoka povu mdomoni, tumbo limejaa gesi, anayumba, anaanguka. Ukiwahi, mnyweshe siki lita kadhaa pamoja na maji mengi baridi, huku mwenzako anampigia simu daktari wa mifugo. Wengi hawawahi. Kwa hiyo kipimo ni lazima. Urea isizidi asilimia 1 ya chakula chote kikavu anachokula kwa siku. Ng'ombe wa kilo 250 anakula chakula kikavu karibu kilo 6 na nusu, kwa hiyo mwisho wake ni gramu 65, na hapo ni baada ya kumzoesha pole pole kwa wiki mbili hadi tatu. Usipime kwa kiganja. Viganja vya watu havilingani, na hata kiganja chako cha asubuhi hakilingani na cha jioni ukiwa umechoka. Nenda na kopo lako dukani, lipimwe kwenye mzani likiwa na urea, weka alama kwa msumari, na kopo hilo lisifanye kazi nyingine.

Mfano wa mchanganyiko wa kilo 100 ni huu, na mwenye kalamu aandike: makapi ya pamba kilo 50, pumba za mahindi kilo 25, mashudu ya pamba kilo 13, molasesi kilo 10, urea kilo 1, chumvi nusu kilo na madini nusu kilo. Urea inayeyushwa kwanza kwenye maji kidogo, inachanganywa na molasesi, ndipo inamwagiwa kwenye pumba na kugeuzwa kwa koleo mpaka isionekane punje hata moja. Punje zikirundikana pembeni mwa hori, atakayezila zote ni ng'ombe mmoja, yule mbabe anayewasukuma wenzake. Hii siyo ya ndama, ambaye rumeni yake bado haijakomaa. Na kama unatumia jiwe la kulamba lenye urea, liezekee. Mvua ikilinyeshea, yale maji yanayotuama juu yake ni sumu.

Pamba nayo ina mambo yake. Ndani ya mbegu yake kuna sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe mzima rumeni yake inaipunguza makali, lakini ndama, nguruwe na kuku hawana kinga hiyo, na dume la mbegu likilishwa mashudu ya pamba kwa wingi na kwa muda mrefu linaweza kupungukiwa nguvu ya uzazi. Dume wa kuchinjwa mpe. Dume la kupandisha litafutie mashudu ya alizeti. Pia kuna mbegu za pamba za kupanda, zilizotiwa dawa na kupakwa rangi. Zikibaki shambani usizipeleke zizini hata kwa bahati mbaya. Na mashudu yaliyolowa, yakaota ukungu, yana sumukuvu. Sumu ya aina hiyo ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Kwa ng'ombe inaharibu ini na kusimamisha ukuaji, na kwa anayekamuliwa inapita mpaka kwenye maziwa ya mtoto wako.

Ndugu zangu wa kisiwa cha Rukuba, ninyi mnaoanika dagaa, najua wachuuzi wa vyakula vya mifugo wanawafuata. Unga wa dagaa ni protini safi, na sehemu yake hupita rumeni bila kuvunjwa, ikaenda kumfaa ng'ombe moja kwa moja. Kwa sayansi ni kiongeza kizuri. Mimi hata hivyo siungi mkono ng'ombe wa kunenepeshwa kulishwa dagaa, na sababu yangu ni nyepesi: ng'ombe ana bakteria wa kumtengenezea protini kutoka kwenye urea, mtoto wa kijijini Etaro hana. Dagaa safi waliokaushwa juu ya vichanja wawe mboga ya nyumbani na biashara ya mama. Wale walioanikwa chini, waliojaa mchanga, ndio huishia kwenye chakula cha kuku, na hata huko mnunuzi anakuwa amelipia mchanga kwa kilo.

Mfupa pia ni kiongeza cha zamani. Nyasi zetu zina upungufu wa fosforasi, na ndiyo maana unaona ng'ombe anatafuna mifupa mikavu malishoni. Kumpa unga wa mifupa kunasaidia, ila ni lazima ujue mifupa hiyo ilitoka kwa mnyama gani. Sisi tunapakana na Hifadhi ya Serengeti, na kimeta hatukijui kwa kusimuliwa. Vijidudu vya kimeta hukaa kwenye mifupa na udongo miaka mingi, na unga wa mifupa uliosagwa bila kuchemshwa vizuri unaweza kuvileta zizini kwako. Na Waingereza walitufundisha somo la pili kwa gharama kubwa. Waliwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa ya mifugo wengine. Mwaka 1986 ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ukatambuliwa, mwaka 1988 serikali yao ikapiga marufuku chakula hicho kwa wanyama wanaocheua, na mwaka 1996 ikatangaza kwamba ugonjwa huo unahusishwa na maradhi ya ubongo yaliyoua watu. Ng'ombe zaidi ya milioni 4 waliteketezwa. Fosforasi ya madini ya kiwandani inapatikana madukani. Nunua hiyo, mfupa uache.

Tuje kwenye zile pakiti. Mojawapo ya viongeza vinavyotumika sana duniani kwa ng'ombe wa nyama ni monensini. Kilianza kama dawa ya kuku, na tangu mwaka 1975 Wamarekani wanakitumia kwenye mazizi yao ya kunenepeshea. Kinawapunguza baadhi ya bakteria wa rumeni, gesi ya methani inapungua, na ng'ombe anaongeza uzito ule ule kwa chakula kidogo zaidi. Ni faida ya kweli. Lakini dozi yake kwa ng'ombe ni ya miligramu, siyo gramu, na kwa punda ni sumu kali ya moyo. Hapa kwetu punda wa kubebea maji analala zizi moja na ng'ombe na kulamba hori lile lile. Mwenye punda asikiweke kitu hicho nyumbani kwake. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa upande wao, zimezuia tangu Januari 2006 kutumia viuavijasumu kwenye chakula kwa ajili ya kukuza tu, monensini ikiwemo kwa ng'ombe, kwa kuhofia vijidudu kuzizoea dawa.

Hofu hiyo inatuhusu na sisi. Kuna mfugaji anayempiga ng'ombe sindano ya kiuavijasumu cha OTC, yaani oksitetrasaiklini, wiki ya mnada ili manyoya yang'ae, wakati aina zinazodumu mwilini zinaweza kuhitaji hata siku 28 kabla nyama haijafaa kuliwa. Dawa hiyo inaingia kwenye sahani ya mgonjwa, ya mjamzito, ya mtoto. Soma karatasi yake. Kama hujui kusoma lugha iliyoandikwa, mpelekee afisa mifugo wa kata akusomee. Ni kazi yake. Tuna Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 inayosimamia vyakula hivi na viongeza vyake, na dawa za mifugo ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Pakiti isiyo na jina la kilichomo, dozi, mnyama anayehusika, tarehe ya mwisho na muda wa kusubiri kabla ya kuchinja, irudishe rafuni.

Vipo na viongeza vinavyoongeza nyama yenyewe kwenye ndoano. Zilpateroli na raktopamini hutolewa wiki za mwisho kabla ya kuchinja. Vinageuza chakula kiwe msuli badala ya mafuta. Kilo zinaongezeka kweli. Lakini zilpateroli inaifanya nyama kuwa ngumu zaidi na inapunguza yale mafuta membamba ya ndani yanayoipa utamu. Mwaka 2013 kampuni ya Tyson huko Marekani ilikataa kununua ng'ombe waliolishwa zilpateroli baada ya kuona baadhi yao wanafika kiwandani wakiwa hawawezi kutembea, na watengenezaji wenyewe, Merck, wakasitisha kuiuza. Hapo utaona kuwa uzito na ubora ni vitu viwili, na mara nyingine kimoja kinamla mwenzake.

Ubora wa nyama yetu unaharibikia wapi basi? Kwanza kwenye umri. Maksai anavuta plau miaka minane, akichoka ndipo anapelekwa mnadani. Misuli yake imeshafungwa na nyuzi ngumu ambazo hakuna molasesi wala hamira ya kuzilainisha. Kumlisha siku 90 kutampa mafuta na uzito, nyama haitakuwa laini. Dume wa miaka miwili na nusu au mitatu akipewa chakula kile kile anatoa nyama ambayo hoteli ingeipigania.

Pili kwenye safari. Msuli wa ng'ombe aliyetulia una akiba ya sukari, na baada ya kuchinjwa sukari hiyo hugeuka asidi inayoifanya nyama iwe nyekundu ya kupendeza, laini, isiyooza upesi. Ng'ombe aliyeswagwa kutwa nzima kwa fimbo, akapakiwa lorini bila maji, akagombana na wageni usiku kucha, anafika machinjioni akiba imekwisha. Nyama yake inakuwa nyeusi, inanata mkononi, inaharibika mapema. Siku 90 za mashudu zinapotea kwa siku 1 ya fimbo. Mpe mapumziko na maji, na tafuta mchungaji asiyepiga. Huyo anakuongezea ubora kuliko pakiti yoyote niliyoitaja.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, ni namna tunavyouza. Mnunuzi anamtazama ng'ombe kwa macho, anampapasa nundu, anataja bei ya kichwa kizima. Anayeuza kwa macho hujifunza kuyaridhisha macho. Ndipo ilipotoka desturi ya kumlambisha ng'ombe chumvi nyingi usiku wa kuamkia mnada, asubuhi akafikishwa majini anywe lita 40. Lita 40 ni kilo 40 za maji. Mnunuzi anaijua hila hiyo, kwa hiyo anakata bei ya kila ng'ombe, akiwemo wa yule mzee wa Kiabakari aliyelisha makapi na mashudu kwa miezi mitatu kwa uaminifu. Kwa nini basi mzee huyo alishe tena mwakani? Mradi hakuna mzani na hakuna anayelipia nyama laini kuliko ngumu, kiongeza bora kitaonekana hasara, na chumvi ya usiku itaonekana akili. Ningetamani madiwani wetu wa Musoma, Bunda na Butiama walichukue hili, maana ushuru wa minada wanaukusanya wao: mzani uwepo, ufanye kazi, na bei itangazwe kwa kilo.

Wakati tunawasubiri, chukua futi ya kushonea nguo, ile ya fundi cherehani. Ng'ombe akiwa amesimama sawasawa asubuhi, kabla hajanywa maji, mzungushie kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Kifua kikiwa sentimita 140 na urefu 120, unapata kilo 217. Ni makadirio, hayachukui nafasi ya mzani, lakini ukirudia kila baada ya wiki mbili na kuandika kwenye daftari, utamjua anayeongezeka na anayekula bure. Asiyeongeza hata kilo 5 kwa wiki mbili, akiwa hana minyoo wala homa, muuze mapema upunguze hasara. Na siku utakapofika mnada wa Kirumi na mnunuzi akakutajia bei ya ng'ombe mzima, fungua daftari, mwambie kilo zake, umuulize kila kilo moja anainunua kwa shilingi ngapi.